Ukaguzi wa Tuta Letu la Kuzuia Mafuriko, Muheza: Kazi Nzuri Tutani, Ripoti Isiyosomeka

Mwezi Februari mwaka huu kamati yetu ya bwawa, ambayo mimi ni katibu wake, ilikodi kampuni moja ya wahandisi washauri itukagulie tuta la udongo linalokinga bonde letu na mafuriko, wilayani Muheza. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya kamati nyingine, wenye mashamba ya katani na vyama vya umwagiliaji wanaofikiria kuita huduma ya aina hii, kwa kuwa sisi wenyewe tulipotafuta mtu wa kutueleza tutarajie nini hatukumpata, tukajikuta tumelipa kwanza na kuuliza baadaye. Jina la kampuni silitaji, maana sehemu ya haya ni malalamiko, na tumekubaliana nao kuyamaliza mezani.

Tuta lenyewe si kubwa. Kimo chake ni mita 6, linakatiza bonde kwa mita 140, na chini yake limepitishwa bomba la zege linaloyatoa maji polepole kuelekea mtoni. Upande wa kulia kuna utoro wa maji, yaani mfereji uliochimbwa kwenye ardhi ngumu ili maji yakizidi yapite hapo badala ya kupanda juu ya tuta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna maji hata kidogo, ng'ombe hulishwa ndani ya bwawa na watoto hucheza mpira humo. Hapo ndipo penye hadaa. Bwawa la kuhifadhi maji hujaribiwa kila siku, likivuja mtu ataona. Tuta la mafuriko hukaa miezi likipigwa na jua na kupasuka, kisha hutakiwa kubeba maji ya bonde zima kwa usiku mmoja, na mara nyingi usiku huo watu wamelala.

Wengi wetu tulianza kulitazama kwa jicho jingine baada ya tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipopasuka usiku na kuua watu wasiopungua 47. Pamoja na hayo, hapa kwetu Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa zilizofuata hazimwachii mwenye bwawa nafasi ya kusema hakujua. Bodi ya maji ya bonde inasimamia, lakini wa kufyeka, kuziba mashimo na kuweka kumbukumbu ni mwenye tuta.

Walikuja mhandisi na fundi sanifu, kwa siku mbili. Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba mhandisi hakufungua sanduku la vifaa alipofika. Alimwamkia mlinzi wa tuta, mzee aliyelilinda tangu lilipojengwa, wakakaa chini ya mwembe karibu saa nzima.

"Mzee wangu, masika yakikolea, maji hutokea wapi huku nyuma?"

"Hutokea pale penye magugu ya kijani, mwanangu. Kiangazi kote pale hapakauki."

Magugu hayo yako hatua nne kutoka mdomo wa bomba, na ndipo ukaguzi wote ulipokuja kuishia. Kwanza, hata hivyo, walitembea tuta zima kwa kwenda na kurudi mshazari, kutoka kileleni hadi kitakoni, wakipiga alama kwa vigingi. Walikuta shimo la kenge upande wa nyuma. Mhandisi alichomeka ufito wa chuma na ukazama mpaka mkono ukagusa nyasi, akaupima, sentimita 140. Walikuta kichuguu cha mchwa ambacho sisi tulikuwa tunakiegemea wakati wa mikutano. Walikuta pia miarobaini kumi na moja iliyopandwa kwa sherehe ili "kushika udongo", mmojawapo nikiwa nimeupanda mimi kwa mkono wangu. Kumbe mzizi wa mti ukifa na kuoza ndani ya tuta huacha mrija, na maji hayahitaji mwaliko zaidi ya huo. Miche midogo tuliamriwa kuikata siku hiyohiyo. Mikubwa tukakatazwa kuing'oa mpaka kuwe na mpango wa kufukua mizizi na kushindilia udongo upya. Kinachofaa kwenye tuta ni nyasi fupi, basi.

Fundi sanifu naye alipima kilele kwa leveli na kukuta pale ng'ombe wanapovukia pamebonyea sentimita 35 kuliko kwingine. Kwa macho huoni kitu. Kwa maji, hapo ndipo mlango, kwa sababu tuta la udongo likipitiwa juu hukatika kuanzia mahali pa chini kabisa, na maji yote huelekea hapo. Utoro uliotakiwa kuwa wazi ulikuwa na migomba iliyostawi kweli, mali ya mjumbe mmoja wa kamati, ambaye alikuwa ametuelekeza njia nyingine ya kufikia utoro asubuhi hiyo. Migomba imekwisha kuondolewa, na mjumbe bado ni mjumbe.

Kuhusu bomba nitaeleza kirefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo fedha yetu ilipozaa. Ni vigumu kushindilia udongo sawasawa ukutani mwa bomba la mviringo, na maji hupenda kufuata ukuta huo. Fundi aliingiza kioo na tochi akakuta maungio mawili yameachana na udongo mwekundu umeingia bombani. Mhandisi alitueleza habari ya bwawa la Teton, jimbo la Idaho nchini Marekani, lenye kimo cha mita 93: tarehe 5 Juni 1976 maji yenye tope yalionekana yakivuja asubuhi, na kabla ya adhuhuri bwawa lilikuwa limekwenda. Maana yake kwetu ilikuwa moja. Kuvuja kwenyewe si ajabu kwa tuta la udongo, ila maji yanayovuja yakibeba udongo, tuta linaliwa kutoka ndani. Akamfundisha mlinzi kuyakinga kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, kuiandika tarehe, kuiacha ilale usiku na kutazama chini yake asubuhi.

Sasa malalamiko. Ripoti ilikuja baada ya wiki saba, kurasa 52, yote kwa Kiingereza. Kati ya wajumbe tisa wa kamati, wanaoisoma bila shida ni wawili, na mlinzi, ambaye ndiye mwenye tuta hasa, hasomi hata ukurasa mmoja. Tulipouliza tukaambiwa kwamba ndivyo ripoti za kitaalamu zinavyoandikwa. Nililazimika kukaa siku tatu na mwalimu wa sekondari kuandaa kurasa nne za Kiswahili, na kurasa hizo ndizo zinazotumika mpaka leo.

La pili lilinikera zaidi. Daraja la hatari la bwawa halitokani na uzima wa tuta, linatokana na kilicho bondeni chini yake, kitakachosombwa likipasuka: tuta bovu lililo juu ya pori linaweza kuwa la hatari ndogo, na tuta imara lililo juu ya shule likawa la hatari kubwa. Wao waliandika "hatari ndogo" kwa kunakili michoro ya zamani, enzi ambapo bonde lote la chini lilikuwa katani. Leo kuna nyumba, mashine ya kusaga na madrasa. Nasoma kwamba hata Marekani, ambako mabwawa zaidi ya 11,000 madogo ya kuzuia mafuriko yalijengwa kwa mpango wa wizara ya kilimo tangu miaka ya 1940, tatizo ni hilohilo: bwawa limebaki lilivyo, watu wamehamia chini yake. Tuliwachukua kwa miguu tukawaonyesha nyumba moja baada ya nyingine, wakabadilisha. Lakini kazi hiyo ilikuwa yao.

Mpango wa dharura waliotuachia ulikuwa fomu yenye nafasi wazi. Tumeujaza wenyewe: mlinzi anampigia mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti anampigia muadhini, kipaza sauti cha msikiti kinatangaza, na watu wanapanda upande wa barabara, siyo kuvuka mto. Namba zimeandikwa kwa rangi ukutani mwa kibanda cha mlinzi, kwa sababu simu huisha chaji.

Ukaguzi wa Februari, bwawa likiwa kavu, uliona nusu tu, na sikuelezwa hivyo kabla ya kulipa. Nusu ya pili ilikuja yenyewe mwezi Mei. Bwawa lilipanda hadi mita 3.5, na mlinzi akapanga chupa zake dirishani. Tatu za kwanza zilikuwa safi. Ya nne asubuhi ilikuwa na utando mwekundu chini, mwembamba kama ganda la kitunguu. Alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nikampigia mhandisi, naye kwa haki yake sina budi kusema kwamba aliwasili kabla ya saa sita mchana na hakudai hata nauli. Hakuruhusu mtu kuziba tundu, jambo ambalo vijana walikuwa wameanza kulifanya kwa magunia ya udongo, kwani maji yakizibiwa hutafuta pa kutokea pengine. Aliagiza mchanga msafi uwekwe juu ya mvujo, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Chupa ya sita ilikuwa na vumbi kidogo tu. Ya nane ilikuwa safi.

Tulilipa shilingi 2,400,000, nusu yake ikiwa ya awali. Kwa kazi ya tutani ninawapa tisa kwa kumi, kwa ripoti nne, na mwito wa Mei siupimi kwa alama. Atakayewaita aweke kwenye mkataba ziara mbili, kiangazi na masika, na ahesabu nao nyumba za bondeni kabla hawajaandika chochote. Ukarabati wa bomba umepangwa Agosti tuta likiwa kavu. Tumewaita haohao, na safari hii sharti la kwanza la mkataba ni kwamba ripoti iandikwe kwa Kiswahili na isomwe mbele ya mlinzi kabla ya malipo ya mwisho.