Kliniki ya wajawazito ya mwaloni na ushauri wao wa pombe: nyota nne

Nimekuwa nikimsindikiza wifi yangu kliniki kwenye zahanati moja ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Ilemela, Mwanza, tangu mimba ikiwa changa mpaka alipojifungua. Siitaji jina, maana nina sifa na nina lawama.

Wifi alikuwa anauza kilabuni. Wavuvi wakishauza samaki wao wanakuja na hela, na muuzaji anatakiwa anywe nao. Akikataa, mteja anahamia meza ya pili. Kumwambia mwanamke wa hivyo "acha pombe" halafu ukafunga faili ni kumpotezea muda.

Nesi wetu hakufanya hivyo. Alimuuliza habari za pombe kwa sauti ileile aliyoulizia malaria na presha. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu 2014 kwamba kila mjamzito aulizwe, tena kila hudhurio, lakini kuuliza nako kuna namna yake. Wifi alijibu, "Kidogo tu, dada." Nesi hakubisha. Alichukua kikombe cha plastiki pale mezani, akampa: "Nionyeshe gongo huwa inafika wapi." Wifi akaweka kidole karibu kabisa na ukingo. "Na kwa siku vinakuwa vingapi?" Hapo ndipo alipofunguka.

Akaelezwa kwamba pombe inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, ambaye ini lake bado halijakomaa, na kwamba ubongo ukishadhurika hakuna dawa ya kuurudisha. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, iwe gongo, iwe bia, hata ile bia nyeusi ambayo mama zetu wanasema inaongeza damu. Ila ukiacha mwezi wowote wa mimba, mtoto anapata nafuu. Hilo la mwisho ndilo lililomrudisha wifi. Angeambiwa "umeshamharibu mtoto", tusingemwona tena pale.

Kitu kingine kilichonifurahisha: nesi aliona mikono inavyotetemeka asubuhi, akakataa katakata wifi aache ghafla akiwa nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa mara moja unaweza kuleta degedege. Akaandika rufaa ya hospitali, akaangaliwa na daktari, akashushwa taratibu.

Baadaye mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaanza kuja nyumbani. Aliongea na kaka yangu, ambaye naye alikuwa anakuja na chupa, kisha akamwombea wifi kazi kwa mama lishe mmoja palepale mwaloni. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilifanya makubwa kuliko mawaidha yote.

Sasa lawama. Chumba cha ushauri kimetengwa kwa pazia tu, na benchi la foleni liko upande wa pili. Mwanamke anataja vikombe vyake huku majirani wanasikia! Wapo watakaodanganya kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu.

Lawama kubwa zaidi: mama akishajifungua, huduma inakatika. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, basi. Hakuna anayemuuliza mama kama amerudi kilabuni, wakati pombe inaingia hata kwenye maziwa ya mama, na mimba nyingine inaweza kufuata upesi. Kule Seattle, Marekani, kuna mpango ulioanza 1991 wa kuwatembelea nyumbani wanawake wa namna hii kwa miaka 3 mfululizo, wakisaidiwa matibabu, makazi na uzazi wa mpango. Sidai tuwe na fedha za Marekani. Mhudumu yupo, njia ya kwetu anaijua. Aruhusiwe kuendelea kuja.

Nyota moja nimeikata kwa hayo. Ukimpeleka ndugu yako, subirini foleni ipungue ndipo muombe kuongea na nesi, na mwenzi wake aje pia. Kama anakunywa kila siku, semeni mapema kabla hajajaribu kuacha mwenyewe.