TAHADHARI: Kuna Mbongo mwenzetu anauza baiskeli za zamani "za mzee", mimi keshanipiga

Wakuu habari za mihangaiko. Naandika nikiwa nimeshapoa kidogo maana wiki iliyopita ningeandika matusi matupu. Kuna jamaa, Mbongo mwenzetu, yupo upande wa Indiana, anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Marekani anauza zile baiskeli za zamani za usukani uliopanda juu kama pembe za ng'ombe na siti ndefu kama ndizi. Simtaji jina kwa sababu sina hata uhakika kama lile ni jina lake, ila nitaeleza anavyofanya kazi mpaka mtamjua wenyewe. Mimi kanila dola 1,330.

Najua wapo watakaocheka, mtu mzima unatoaje hela hiyo kwa baiskeli ya mtoto. Chekeni tu, lakini ngoja niwaeleze maana ndipo utapeli wenyewe ulipojificha. Hizi baiskeli zilianzia kwa watoto wa California, walikuwa wanachukua baiskeli ndogo ya inchi 20 wanaifunga usukani mrefu na siti ndefu, kiwanda cha Schwinn cha Chicago kikaona, jamaa mmoja wa pale anaitwa Al Fritz ndo akaitoa rasmi mwaka 1963 kwa jina la Sting-Ray, dola 49.95. Watoto wakachanganyikiwa. Alafu 1968 wakatoa ndugu yake mkubwa, Krate, hiyo sasa ndo ilikuwa balaa: tairi la mbele dogo la inchi 16, la nyuma la inchi 20 kipara kabisa kama la gari la mashindano, foku (ule uma unaoshika tairi la mbele) ya springi, siti ina springi kwa nyuma, na lever ya gia tano ipo juu ya fremu katikati ya miguu kama uko kwenye gari. Zilikuwa na majina ya matunda matunda, Orange Krate, Apple Krate, Lemon Peeler, na nyingine. 1973 wakaacha. Sasa wale watoto waliokuwa wanazililia leo ni wazee wenye pensheni, ndo maana Krate ya kweli bei yake haishikiki, na Sting-Ray ya kawaida unaokota gereji kwa hela ya kula. Fremu lakini zinafanana! Hapo ndipo penye mtego, shikilieni hapo.

Mi mwenyewe nilianza kihalali. Mwaka juzi nilinunua Sting-Ray ya kawaida kwa mama mmoja mtaani kwetu hapa Columbus, Ohio, aliyekuwa anatoa vitu nje, dola 60, kutu tupu, tyubu zimeoza. Nikaiingiza besimenti mimi na mwanangu wa kiume ana miaka 11. Kazi ya usiku kwenye ghala nikirudi nalala, jioni tunashuka chini tunafungua nati moja moja. Yule mtoto nilimfundisha kuchukua foili ya jikoni, unaikunja kipande, unachovya kwenye maji, unasugua kromu taratibu, ile kutu inatoka tope la rangi ya kahawa na chini yake unaanza kujiona sura. Alikuwa anasugua usukani huku anajiangalia meno. Na mi nilijifunza vyangu, maana nimekulia Morogoro kwenye Phoenix za kotapini, unagonga nyundo kitu kinatoka, hizi za kwao kranki (mkono unaoshika pedali) ni chuma kimoja kilichopindwa, kulia mpaka kushoto, na nati ya upande wa kushoto uzi wake ni wa kinyume. Nilikaza nusu saa nikidhani nalegeza. Nusura niikate.

Ile ikatoka nzuri. Hapo tamaa ikaingia, nataka Krate.

Basi ndo mwezi wa tatu kwenye grupu moja nikaona tangazo. Orange Krate ya 1969, "orijino kila kitu, haijaguswa", picha tano, rangi ya chungwa inawaka. Nikamfata inbox. Jamaa ana maneno matamu huyo, "kaka shikamoo" kila saa wakati kwa sauti yake naona tunalingana umri. Akanipa stori: anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kuna mzee Mzungu amemhudumia miaka minne, watoto wake wanampeleka kwenye nyumba ya wazee, gereji inasafishwa, mzee kamwambia chukua hii baiskeli niliyonunuliwa utotoni. Sasa wangapi kati yetu tunafanya hiyo kazi? Wangapi tumeshapewa na wazee kochi, tivii, mpaka gari? Stori imeshonwa kwa ajili yetu kabisa, Mmarekani usingemwambia hiyo akaelewa. Nikamuuliza bei, akasema "kaka wewe ni ndugu yangu ugenini, wazungu wananipa zaidi ila mi nataka iende kwa Mbongo, nipe 1,150".

Nikajifanya mjanja, nikamwambia nitumie picha ya namba ya fremu. Akatuma dakika hiyohiyo! Ipo kwenye bamba la kushoto pale ekseli ya nyuma inapokaa, inaanza na EE. Nikaangalia: kwenye Schwinn za Chicago za kuanzia 1965 herufi ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka, A ni 1965, B ni 1966, ukihesabu E ni 1969. EE maana yake Mei 1969. Na kwa mwaka huo kweli namba ilikuwa inagongwa pale nyuma kushoto, ilihamia kwenye shingo ya mbele 1970. Kila kitu kimekaa. Nikasema huyu mkweli, nikatuma advansi 200 kwa ile njia ya benki ambayo hela ikienda imeenda.

Sikilizeni vizuri hapa maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Namba HAIKUWA feki. Fremu ni ya Mei 1969 kweli kabisa. Ila ile namba iligongwa kabla baiskeli haijafungwa vitu, inakwambia fremu ilizaliwa lini, haikwambii ilikuwa Krate au Sting-Ray ya kawaida ya mtoto wa jirani. Kwa hiyo tapeli anakupa kitu cha kweli ukihakiki, unahakiki, unafurahi, alafu vilivyobaki vyote huangalii tena. Alinipa namba ili nisiombe kingine, na mi sikuomba.

Nikaendesha karibu masaa matatu kwa I-70. Tulikubaliana saa kumi jioni, akaanza kunizungusha, mara niko kazini, mara mzee kaanguka, nikaja kuipokea saa mbili usiku kwenye parking ya kituo cha mafuta kwa mwanga wa taa za gari langu. Inang'aa. Kanifungia mwenyewe kwenye buti haraka haraka, kanipa na mfuko wa chapati eti mke wake kapika ili njiani nisife njaa. Zile chapati zilikuwa nzuri, nikiri tu.

Kesho yake tumeshuka besimenti na kijana. Yeye ndo aliona mwanzo. Kwenye Sting-Ray yetu ya dola 60 vichwa vya bolti vina herufi AS, ndo alama ya kiwanda, kampuni ilikuwa inaitwa Arnold, Schwinn & Company, kijana alishaizoea mpaka alikuwa anazitenga kwenye kopo lake. Akaniambia baba mbona hii haina AS. Nikainama na tochi. Bolti ya siti imeandikwa 8.8. Wenye kujua mafundi wanaelewa, 8.8 ni bolti ya milimita, ya hizi hizi za dukani, Chicago ya 1969 ilikuwa inafunga kwa inchi. Nikahisi tumbo linashuka.

Tukaanza kufungua. Maandishi kwenye kava la cheni, ya kiwandani yamechapwa kwenye rangi, haya ni stika, ukipitisha ukucha unanyanyuka. Nikang'oa usukani, nikatoa vile vikombe vya gololi za shingo, ndani ya shingo pembeni rangi ni kijani. Kijani! Nikafungua kranki, ndani kule kijani tena. Yaani ilikuwa Sting-Ray ya kijani ya kawaida, mtu kapuliza chungwa juu bila hata kupiga msasa vizuri, kaifunga foku ya springi mpya na lever ya gia ya kuiga, maana siku hizi karibu kila kipande cha Krate kinatengenezwa upya na kinauzwa. Kuuza vipande vya kuiga si kosa, hata mi ninavyo. Kosa ni kusema mzee alinunuliwa utotoni.

Tairi la mbele ndo lilinimaliza. Lilikuwa limepasuka ubavuni, nikaagiza kama la Krate linavyotakiwa, 16 x 1 3/4. Likagoma kukaa, linapwaya kwenye rimu kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Nikadhani nimetumiwa baya. Kumbe rimu ya jamaa ni ya 16 x 1.75 ya baiskeli ya kisasa ya mtoto. Mtasema si ndo hiyohiyo, robo tatu na 0.75 kitu kimoja? Darasani ndiyo, kwenye Schwinn hapana. Ile ya sehemu, 1 3/4, inakaa kwenye rimu ya milimita 317, ile ya nukta 1.75 inakaa kwenye 305, haziingiliani hata ukipaka sabuni. Rimu yao ya kweli imegongwa S-7 kwenye chuma chenyewe, yangu imegongwa hewa.

Nikampigia. Wala hakukataa jamani! Akasema "aisee kaka pole sana, kumbe watoto wa yule mzee walibadilisha vitu, mi mwenyewe sikujua", akaniambia mzee bado ana gurudumu la mbele orijino na foku yake kwenye boksi, nimtumie 180 ya kuzituma. Na mi mjinga nikatuma. Mke wangu hii ya 180 hajui mpaka leo, naomba mnaomfahamu mkae kimya. Siku tano kimya, siku ya sita nikakuta nimeshablokiwa, na kwenye grupu admin anasema jamaa kaleft. Polisi nilienda, wakachukua maelezo vizuri tu wakanipa karatasi, benki wakasema ulituma mwenyewe kwa hiari yako.

Sasa kama bado mnazitaka hizi baiskeli, na mi siwakatazi maana raha yake naijua, muuzaji yeyote akikutupia namba ya fremu mwambie asante, alafu muombe picha za vitu ambavyo hakuvitaja. Rimu ya mbele kwa karibu pale ilipogongwa. Kichwa cha bolti ya siti na cha usukani. Mwambie achomoe nguzo ya siti apige picha shimoni kwa tochi, rangi ya zamani haifutiki kule, dakika mbili tu na spana moja. Mwenye nacho cha kweli atafanya kwa maringo, tena atakutumia kumi. Huyu wangu ningemuomba hiyo angeniambia mzee kalala. Na muone mchana, sio kwa taa za gari. Na advansi kwa mtu hujamuona, hata awe mmetoka tarafa moja, hapana.

Yangu ipo besimenti imefunguliwa yote. Nimeamua hiyo chungwa tunaitoa, kijana anataka irudi kijani yake, amesugua shingo mpaka kaifikia. Foku ya kuiga nitaiuza na nitasema ni ya kuiga.

Sababu ya kuandika leo na sio jana ni hii: asubuhi rafiki yangu wa Houston kanitumia tangazo, grupu lingine, namba ya simu mpya, jina jipya. Lemon Peeler ya 1970, ya njano, "orijino kila kitu, haijaguswa". Safari hii mzee ni bibi. Ila ukuta wa gereji ni uleule, wenye ndoo ya bluu na ngazi iliyovunjika daraja la pili kutoka juu, nimelinganisha picha mbili nimezikuza mpaka macho yananiuma. Mkiuona huo ukuta nitumieni skrinishoti.