Daktari aliniuliza nani kanipiga

Naanza na nyota tatu. Tukifika mwisho tutaona zimebaki ngapi, maana kila nikiandika hasira inapanda upya.

Jimu yenyewe siitaji. Ni mojawapo ya zile za Mikocheni za mazoezi ya kundi: watu ishirini na kitu chumba kimoja, saa ukutani inahesabu kurudi nyuma, spika inapiga singeli, kocha kavaa kipaza sauti cha kichwani kama mhubiri wa mkutano wa injili. Bei na ratiba mtazikuta kwenye kurasa zao, pamoja na picha za watu wenye siksipaki ambao mimi sijawahi kuwaona pale ndani. Mimi nina jambo moja tu, la Jumamosi moja, mwezi wa pili au wa tatu hivi, kabla ya mvua, lile joto la Dar ambalo ukitoka kuoga hujui unajifuta maji au jasho.

Na msinione legelege. Nimesoma shule ya bweni, nimekimbia mchakamchaka alfajiri bado nyota ziko juu, nimeruka kichurachura kuzunguka bendera kwa kosa la mtu mwingine. Nilijiunga mwaka jana na shoga yangu wa ofisini baada ya presha kuanza kunichungulia, na miezi ya mwanzo, niseme ukweli, nilipapenda. Kuna kocha wa Jumanne, dada mmoja mpole, hapigi kelele. Ukiinama vibaya anakuja nyuma yako, anakugusa mgongo kwa vidole viwili, anasema "hapa", basi, mgongo unanyooka wenyewe. Nyota mbili kati ya zile tatu ni za huyo dada.

Sasa, mama yangu mdogo akafariki. Huyu ndiye aliyenilea, kwa hiyo nilikwenda Tanga nikakaa mpaka arobaini ikasomwa. Niliporudi nilikuwa sijagusa zoezi zaidi ya mwezi, nimelala kwenye mikeka, nimekula nilichopewa. Jumamosi ile nikafika mapema makusudi, nikamfuata kocha wa Jumamosi, kijana tu, nikamwambia taratibu: kocha, nilikuwa msibani, nimekaa muda mrefu, leo naomba nianze kidogo kidogo. Akaniambia, "Usijali mama, tutakuchangamsha."

Zoezi la siku lilikuwa kujivuta kwenye bomba. Sisi tusioweza kujivuta tunaruka kutoka kwenye boksi, tunashika bomba, tunajishusha polepole. Mara mia. Sikukosea kuandika, mia moja, katikati yake unaruka kamba, na ukichelewa kundi lako zima linaongezewa. Kwa mwendo wa singeli! Jamani, singeli ni ya kuchezea, na hata wanaoicheza Manzese huwa wanapumzika kuvuta pumzi.

Nilipofika sitini na kitu mikono ikaanza kutetemeka yenyewe, nikashuka, nikakaa sakafuni. Sikulalamika wala sikusema neno. Ndipo nikasikia kwenye spika, juu ya muziki, chumba kizima kinasikia:

"Mama kibonge! Pilau la msibani bado halijashuka?"

Watu wakacheka. Shoga yangu naye akacheka, ingawa anasema alikuwa anakohoa.

Nataka mnielewe. Kuitwa kibonge nimezoea, mwili ninao. Lakini lile neno la msiba nilimpa mimi, sikioni, kama mtu anavyomwambia mtu wake wa karibu, naye akalibeba hadi kwenye spika. Nilisimama. Nikamaliza zile zilizobaki kwa hasira, moja baada ya nyingine, machozi na jasho vikichanganyika usijue kipi ni kipi. Na hapo, nakubali, nilijiumiza mwenyewe. Hakunishikia bunduki. Ningeweza kuchukua chupa yangu ya maji nikaondoka zangu, lakini mtu aliyetoka kuzika hana akili ya kuondoka.

Jumapili sikuweza kuchana nywele. Mikono ilikuwa imevimba na imekunjika kwenye viwiko kama mtu aliyebeba sinia la chai, na kuinyoosha haiwezekani. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mikono hainyooki. Kocha akajibu kwa vimoto vitatu na maneno "ndiyo yanaingia hayo". Mwingine akaweka picha yake akiwa analia, na yenyewe ilikuwa ya fahari. Jumatatu alfajiri nikaenda chooni, mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi. Si njano iliyokolea, ni chai ya rangi kabisa, ile iliyochemka ikasahaulika jikoni.

Hospitali, daktari mzee kidogo aliitazama mikono yangu mbele, nyuma, akabonyeza. Kisha akamgeukia mume wangu: "Baba, tusubiri hapo nje kidogo." Mlango ulipofungwa akashusha sauti.

"Dada, nyumbani kuko salama? Nani kakupiga?"

Nikamwambia, "Daktari, hii nimelipia mwenyewe."

Hakucheka. Alinieleza kwamba hali kama hiyo ameizoea kwa watu waliopigwa na wananchi wenye hasira kali, au waliobanwa na gari, au walioangukiwa na ukuta. Msuli ukipondwa unamwaga vitu vyake kwenye damu, kimojawapo kinaitwa mayoglobini, ndicho kinachotia mkojo ile rangi, na kikizidi kinaziba na kuharibu figo. Ugonjwa wenyewe ni rabdomayolisisi. Si lazima upigwe: unatosha msuli uliopumzika muda mrefu kurudishwa ghafla kwenye kazi nyingi, hasa ile ya kujishusha polepole ambayo msuli unavutika huku unabeba uzito, na joto, na upungufu wa maji. Yaani Jumamosi yangu ilivyokuwa, kama vile kocha alikuwa anafuata maelekezo. Kuna kipimo cha damu wanakiita CK, kawaida hakizidi mia mbili hivi. Changu kilipita 30,000. Nililazwa siku tatu, dripu baada ya dripu, nakojoa kwenye chombo chenye mistari na nesi anaandika.

Akaniuliza tena: kwenye ukoo wenu kuna selimundu, yaani sikoseli? Maana anayebeba kinasaba kimoja tu, ambaye miaka yote haumwi chochote, yuko kwenye hatari zaidi ya jambo hili akisukumwa kwenye joto. Na nchi yetu ni kati ya zile zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu duniani. Sasa niambieni, ni kocha gani amewahi kukuuliza swali hilo? Fomu niliyojaza pale iliniuliza saizi ya fulana. Presha haikuuliza, dawa ninazomeza haikuuliza. Saizi ya fulana!

Kitandani nikawa nasoma, simu nimeilaza kifuani kwa kuwa mkono haunyooki. Kumbe haya mambo yanajulikana zamani. Mtindo huu wa kufukuzana na saa ulienezwa sana na CrossFit, kampuni ya mazoezi ambayo Greg Glassman aliianzisha Marekani mwaka 2000. Mwaka 2005 yeye mwenyewe aliandika kwenye jarida lao juu ya watu waliopatwa na ugonjwa huu huu kwenye mazoezi yao. Walikuwa hata na katuni yake, chale wa sarakasi aliyefungwa kwenye mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, jina lake Uncle Rhabdo. Mzaha wa kikatili, lakini angalau walijua na walisema. Huku kwetu tumechukua kelele, saa na fulana, onyo tumeliacha uwanja wa ndege. Na kwa habari ya ualimu, cheti chao cha ngazi ya kwanza ni kozi ya siku mbili na mtihani. Siku mbili! Fundi cherehani ananishonea gauni baada ya kukaa miaka chini ya fundi mwenzake, na akikosea nguo inafumuliwa. Huyu wetu wa Jumamosi hata hizo siku mbili sijaona zimetundikwa ukutani. Kilichotundikwa ni maandishi makubwa mekundu, "Maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini", tafsiri ya Kiingereza inayochechemea. Kilichotoka mwilini mwangu kilikuwa msuli, kupitia mkojo.

Kidogo nicheke na hili. Wana darasa wanaliita Tabata. Mimi naishi Tabata Relini, kwa hiyo kwa muda mrefu nilidhani ni heshima kwetu, pengine mwenye jimu kakulia Tabata Bima. Kumbe ni jina la mtafiti wa Kijapani, Izumi Tabata, ambaye kazi yake ya mwaka 1996 ilikuwa sekunde 20 za nguvu zote na 10 za kupumzika, mizunguko saba hadi minane, juu ya baiskeli isiyotembea. Kama dakika nne hivi, basi. Sisi tulipigwa dakika hamsini na bado likaitwa Tabata.

Nilipopata nafuu nikampigia meneja. Sikutaka hela. Nilitaka aseme kwamba atamkalisha yule kijana chini. Akaniambia, "Lakini dada, si ulisaini?" Nikamuuliza nilisaini nini, akasema nilisaini kwamba afya yangu ni jukumu langu. Kisha akanipa punguzo la mwezi ujao. Punguzo! Hapo ndipo nyota ya tatu ilipodondoka.

Lakini kusema kweli naona ninamsukumia mzigo kijana ambaye hakufundishwa. Nimemwona analipwa kwa kichwa, darasa likijaa ndiyo riziki yake, na sisi wateja ndio tunaolijaza la mwenye kelele na kumwacha yule dada wa Jumanne na watu saba. Hata mimi kabla ya msiba nilikuwa nawaambia watu "wa Jumamosi ni balaa", nikimaanisha sifa. Nilishawahi kuweka picha yangu nimelala chali sakafuni, nikaandika "nimekufa". Watu sitini wakapenda.

Dada wa Jumanne alikuja wodini. Alikuja na madafu mawili, akamuuliza kwanza nesi kama naruhusiwa, ndipo akanipa. Hakusema lolote kuhusu mwenzake. Alinishika kiwiko, akakinyoosha kidogo, kidogo tena, akasema "hapa, tusiende zaidi". Kwa ajili yake nilitaka kurudisha nyota zote tatu, nikaandika hivyo, nikafuta. Jimu yenye mwalimu kama yule halafu inampa Jumanne saa nane mchana inajua inachofanya.

Kwa hiyo iwe moja. Kama utakwenda, nenda Jumanne.

Yule kijana nilikutana naye juzi kwenye maegesho ya magari, bila kipaza sauti, na sauti yake ni ndogo kumbe, ya mtoto wa watu. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanipa shikamoo, akasema pole sana mama kwa mikono. Nikaitikia. Nikasubiri kidogo, nimeshika mlango wa gari, nione kama kuna lingine. Akasema karibu tena Jumamosi.

Ya mikono alinipa pole. Ya msiba mpaka leo hajanipa.