Kiti (seti ya vifaa) ya kuzibua tundu la maji la friji: sirinji na shaba safi sana, brashi hapana

Nimeitumia hii kiti kwenye friji yenye friza, zile za nofrosti zinazoyeyusha barafu zenyewe, na nimeona niandike maana ukisoma maelezo ya wauzaji hujui unanunua nini hasa. Ndani kuna brashi ndefu ya waya inayopinda, sirinji kubwa yenye kimpira chembamba mbele, na kipande cha shaba cha kuning'iniza kwenye hita ya kuyeyushia barafu. Boksi lote limepambwa na picha ya brashi, wakati brashi ndo kitu chenye msaada mdogo kuliko vyote humo ndani.

Tuanze na tatizo lenyewe. Ukiona maji chini ya droo za mboga, unafuta yanarudi, au sakafu ya friza imetandaza barafu laini kama kioo, usikimbilie kusema gesi imeisha. Friji ya nofrosti kila baada ya masaa kadhaa inazima kompresa (ile mota ya kusukuma gesi) na kuwasha hita iliyo chini ya evaporeta, yale mabomba yenye mapezi ya alumini nyuma ya friza, barafu inayeyuka, maji yanadondokea kwenye kijifereji, yanaingia tunduni, yanashuka na bomba la mpira mpaka kwenye kitreya juu ya kompresa kule nyuma na joto la kompresa linayakausha. Sasa tundu likiziba maji yatapita wapi? Yanajaa pale pale kwenye kijifereji, yanaganda, na yakizidi yanamwagikia ndani. Na friji inaendelea kupoza vizuri tu, ndo maana watu wanakaa na shida hii muda mrefu wakijua ni unyevu wa mboga.

Turudi kwenye brashi. Kwa lile tundu la upande wa friji, lile unaloliona kabisa kwenye ukuta wa nyuma, inafaa, inatoka na ute mweusi na vipande vya majani, ila uisukume taratibu maana ukilazimisha unaweza kuchomoa mpira kwenye kiungo chake ndani ya ukuta na hapo ndo utatafuta kazi nyingine. Kwa friza sasa, brashi haina chake. Pale kilichoziba ni barafu ngumu, brashi inafika inajikunja basi. Kikaratasi cha maelekezo kinasema eti sukuma mpaka ipenye, mi nasema msifuate hiyo kabisa.

Sirinji ndo yenyewe. Chomoa friji kwenye umeme, toa vyakula na droo, fungua skrubu za kava ya nyuma ya friza na uivute polepole kwa sababu mara nyingi waya za feni zimeshikana nayo. Vuta maji ya moto, yasiwe ya kuchemka maana plastiki ya ndani inaweza kupasuka, weka kile kimpira juu kabisa ya tundu, minya kidogo kidogo. Mwanzoni maji yanakurudia tena yameshapoa, unayakausha na sponji unarudia, na kila ukirudia kimpira kinazama kidogo zaidi, halafu ghafla unasikia kroo, maji yote ya kwenye kijifereji yanamezwa kwa mpigo. Aisee raha yake! Zunguka nyuma uhakikishe yanaingia kwenye treya kweli. Na jamani kisu au bisibisi visiguse barafu ile, bomba za evaporeta ni laini na friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a ambayo inawaka moto, ukitoboa umeua friji na umejiweka hatarini.

Halafu kile kipande cha shaba, hiki ndo kimenifanya niipende hii kiti. Unakiangika kwenye hita, mkia wake unaingia tunduni. Hita ikiwaka shaba inashusha joto mpaka ndani ya tundu, kwa hiyo barafu ya pale inayeyuka kila mzunguko badala ya kujijenga mpaka izibe. Kuzibua bila kuweka hicho, tundu linaloganda litaganda tena tu. Cha kuangalia ni kwamba kama hita yako iko ndani ya bomba la kioo usikibane na plaizi, na kisigusane na mapezi ya alumini, shaba na alumini zikikutana penye unyevu alumini inalika. Mkia wangeuongeza urefu kidogo, huo ndo upungufu wake.

Kitu kingine hawajakitaja popote, kwenye friji nyingine mwisho wa ule mpira nyuma kuna kimdomo cha mpira kinachofunguka maji yakija. Ute unakigandisha. Kichomoe ukioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni, la sivyo huku juu umezibua na huku chini bado pamefungwa.

Ukishaweka shaba na barafu bado inarudi, angalia mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni uivute, ikitoka kirahisi basi hewa yenye unyevu inaingia muda wote. Na kama evaporeta nzima imevaa barafu nyeupe kuanzia juu mpaka chini, hapo hita au sensa yake (kile kinachopima joto) haifanyi kazi, mwite fundi aje na mita ya kupimia, hii kiti haitakusaidia. Sirinji na shaba nawapa nyota tano, brashi wangeitoa tu waturefushie ule mkia.