"Madam, hapa si jikoni": breki yangu ya nyuma na gereji moja ya Kirinyaga Road

Nilitaka kuandika haya siku ileile, nikajizuia kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Sasa ni kama mwezi umepita na hasira haijapoa, basi wacha niandike.

Pikipiki yangu ina breki ya diski nyuma. Naitumia kupeleka mizigo midogo kutoka Uthiru mpaka mjini, karibu kila siku. Breki hiyo ilianza kushika hata kama sijakanyaga. Ukiisukuma, gurudumu linagoma. Ukigusa diski, unaungua kidole. Nilijua ni kalipa, kile kibano kinachosukuma pedi zibane diski, inataka kufunguliwa, isafishwe, irudishwe. Mwenzangu wa barabarani akanielekeza gereji moja pale Kirinyaga Road, Nairobi.

Fundi alianza vizuri, na hilo lazima niliseme. Alilegeza pini za pedi kalipa ikiwa bado imefungwa mahali pake, jambo ambalo wengi husahau kisha wanahangaika nayo mkononi. Akakanyaga pedali taratibu mpaka pistoni, ile silinda ndogo inayosukuma pedi, ikasogea nje, akaitoa nzima bila kuigusa na koleo. Nikasema moyoni, huyu anajua kazi.

Halafu akavuta kopo la petroli, akatumbukiza kila kitu humo: pistoni, raba, pini. Akafuta kwa kitambaa, akachota grisi nyeusi, ileile aliyokuwa akipaka beringi za pikipiki nyingine, akaizungusha kwenye raba kama mtu anayepaka mkate.

Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, hiyo raba haipatani na petroli wala grisi ya kawaida. Inapakwa oili mpya ya breki peke yake."

Hakuinua hata kichwa. "Madam, hapa si jikoni. Kaa pale kwenye benchi nikumalizie."

Wenzake wakacheka. Nimeendesha pikipiki miaka saba, mvua na jua, na mtu ananiambia jikoni nikiwa nimeshika helmeti yangu mkononi! Kijana anayemshikia spana alipita karibu nami akitafuta msasa, akaninong'oneza, "Auntie, hata mimi nilimwambia juzi." Akaitwa kwa ukali, akakimbia. Nami nikakaa kwenye benchi. Hilo la kukaa linaniuma kuliko pesa niliyolipa.

Kwa wasiojua kwa nini nimekasirika hivi: ndani ya kalipa hakuna springi ya kurudisha pistoni. Kuna raba ya duara iliyokaa kwenye mfereji wake. Ukikanyaga, pistoni inasogea na ile raba inajipinda nayo kidogo. Ukiachia, raba inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, umbali mdogo mno lakini unatosha pedi iachie diski. Kazi yote ya kuachia iko kwa hako karaba. Ukikapaka petroli na grisi ya mafuta, kanavimba, na kakivimba hakanyooki tena. Pistoni inabaki imeng'ang'ania.

Siku za kwanza breki ilishika vizuri mno. Nilimsifu kwa jirani yangu, kwamba mdomo wake mbaya lakini mkono mzuri. Sikumbuki ni siku ya ngapi, narudi nyumbani jioni na Waiyaki Way, pale Westlands chini ya barabara ya juu, pikipiki ikaanza kuwa nzito. Nikaongeza mafuta. Ikazidi. Nikasikia harufu ya pedi kuungua, na matatu nyuma yangu inapiga honi bila kupumzika. Diski ikipata moto, oili nayo inapata moto na kutanuka, na ikikosa njia ya kurudi kwenye kikopo chake, inazidi kuisukuma pistoni. Gurudumu likafunga. Nyuma likayumba upande, nikaweka mguu chini, Mungu akanishika.

Nilikuwa na spana namba nane. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, oili ikaruka, gurudumu likaachia saa hiyohiyo. Nikaenda polepole kwa breki ya mbele peke yake, taa za hatari zikiwaka, mpaka kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati Kangemi.

Mzee alifungua, akatoa ile raba, akailaza kiganjani karibu na mpya. "Ona, binti yangu. Hii imelewa." Ilikuwa nene na laini, ukiibonyeza inaacha alama ya kidole. Mfereji aliusafisha kwa kijiti, akakataa bisibisi isije ikakwaruza. Oili aliifungua chupa mbele yangu. Washa za shaba, zile pete za kuzuia oili isivuje kwenye maungio, akaweka mpya, oili iliyodondoka kwenye rangi akaimwagia maji mengi, pedi zilizoguswa na grisi akazitupa. Kalipa aliitundika kwa waya, haikuning'inia kwa paipu hata dakika moja. Na kila nilipouliza, alijibu.

Basi mzee ni malaika? Alinichelewesha siku mbili akitafuta raba, simu hapokei, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Nilinuna. Nikisema kweli, nikiwa na haraka na tairi limetoboka, Kirinyaga Road ni karibu na huenda nikarudi kwa yule wa kwanza.

Hapana. Nimeisoma tena sentensi hiyo na naifuta. Sirudi, hata kwa tairi. Kukosea raba naweza kusamehe, hata fundi mzuri hukosea. Lakini aliambiwa, tena mara mbili, na mteja na kijana wake mwenyewe, akachagua kicheko. Yule kijana nitampelekea pikipiki yangu popote atakapofungua kibanda.

Breki sasa iko sawa, naona. Inashika na kuachia. Lakini kila nikisimama kwenye taa naingiza ncha ya kiatu chini ya pedali na kuinyanyua, nihakikishe imerudi, na nikifika nyumbani nauweka mkono karibu na diski kabla sijavua helmeti.