Kadi za picha za kumkumbusha mzee majina: zinafaa nusu tu

Kadi hizi 40 zinazouzwa Kisumu zimechapishwa vizuri, ila picha zenyewe zimekosea nyumba. Kuna pengwini na stroberi. Hakuna omena, mwiko wala jembe. Hiyo ni kasoro kubwa. Katika demensia (maradhi ya ubongo yanayodhoofisha akili) ya aina inayofuta maana za maneno, ile inayokula ncha za mbele za ubongo ulio upande wa masikio, hasa wa kushoto, vitu visivyozoeleka hutangulia kupotea. Mbuta anageuka "samaki", kisha "mnyama", mwishowe "kile kitu". Mzee akikosa pengwini, utajuaje kama amemsahau au hakuwahi kumjua?

Usichanganye na Alzheimer ya mwanzo, aina nyingine ya demensia: huko jina hukwama, lakini ukidokeza "mbu..." mara nyingi hulidaka. Huku hata ukilitaja lote, atauliza, "Mbuta ni nini?"

Tumia zile chache zifaazo: kikombe, ufunguo, sufuria. Nyingine zipige picha mwenyewe nyumbani kwake, sita kwa wiki, dakika 10 kila siku, huku ameshika kitu chenyewe. Iwe sufuria yake, si ya jirani, kwa sababu jina lililorudi hung'ang'ania kile alichofanyia mazoezi. Mkiacha, hufifia tena.