Uzoefu wangu: kumlipa mhariri asome mswada wa riwaya

Mwaka jana nilimaliza mswada wa riwaya, kurasa 212 za A4, nikakaa nao miezi minne bila kujua niufanyie nini. Rafiki zangu waliousoma walisema ni mzuri. Basi. Ukishaambiwa ni mzuri huna pa kuanzia kurekebisha, na mimi nilijua kuna mahali panayumba ila sikupaona. Nikaamua kutafuta mhariri wa kulipwa.

Niliyempata ni mzee mstaafu wa Dar es Salaam aliyehariri vitabu vya hadithi miaka mingi, sasa anafanyia kazi nyumbani. Kwenye simu, baada ya shikamoo, aliniuliza nataka nini hasa, maana kazi hii si moja. Kuna tathmini: anasoma mswada wote na kukuandikia ripoti kuhusu msuko, wahusika na usimulizi. Kuna uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi. Halafu kuna kusoma prufu, yaani kukagua makosa ya mwisho ya chapa, kitabu kikiwa kimeshapangwa tayari kwenda kiwandani. Mimi nilitaka kulipia lugha. Akanikataza. Alisema ningetupa hela kunyoosha sentensi za sura ambayo huenda ikaondolewa. Kwa neno hilo nilimwamini, kwa sababu uhariri wa lugha ndio ungemlipa zaidi. Tathmini ilikuwa shilingi 350,000, nusu kabla na nusu baada.

Nilipata ripoti ya kurasa tisa pamoja na mswada wenyewe, umejaa wino mwekundu, ukaletwa Tanga na basi kama kifurushi.

Riwaya yangu inahusu duka moja la Korogwe. Mjomba wa msimulizi anakamatwa katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, yaani watu walioshutumiwa kwa ulanguzi na kuficha bidhaa, na familia inabaki kushikilia duka lisilo na bidhaa. Sura ya sita inatokea Aprili 1984. Humo niliandika maandalizi ya harusi, mapishi, ugomvi wa mahari. Mzee alizungushia mwezi ule na kuandika pembeni swali moja: Sokoine yuko wapi?

Nililiangalia swali hilo muda mrefu. Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyesimamia msako ule, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Nilijua hivyo tangu shuleni. Lakini nilikuwa nimeandika familia ambayo mtu wao yuko ndani kwa sababu ya msako huo, na hakuna hata mmoja anayesikia habari ile redioni. Nilimpigia mama, nikamuuliza siku hiyo alikuwa wapi. Alikuwa anachagua mchele. Akaniambia jirani yao, ambaye mumewe alikuwa ameshikwa, alilia kuliko watu wote mtaani, na hadi leo mama hajui alikuwa anamlilia nani. Nimeifuta sura ya sita yote na kuiandika upya kuanzia kwa mwanamke huyo. Kama ripoti nzima ingekuwa na swali lile peke yake, bado ningelipa.

Alinasa na makosa madogo ya aina hiyo: kwenye ukuta wa duka, mwaka 1984, nilitundika picha ya Rais Mwinyi, wakati Mwalimu Nyerere alikuwa bado Ikulu hadi Novemba 1985.

Jambo jingine lilinigusa kwa sababu ni tabia niliyojijengea. Nilianza kwa kuandika simulizi za Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, na huko kila sehemu lazima ikatike msomaji akiwa roho juu. Mzee alihesabu: sura 11 kati ya 18 zinaisha mtu anapobisha hodi au barua inapofika. Msomaji wa simulizi anasubiri hadi kesho, wa kitabu anafunua ukurasa tu, kwa hiyo taharuki ile inamchosha. Pia alinionyesha kwamba bibi wa Lushoto na karani wa Dar wanaongea Kiswahili kilekile cha taarifa ya habari.

Hapo hapo ndipo tulipotofautiana. Kila nilipoandika "mgosi" aliweka alama ya kuuliza na kupendekeza "mzee". Sikukubali. Mtu wa Tanga akiitwa mgosi anajua ameitwa na mtu wa kwao, na "mzee" haibebi hilo. Nilimweleza, akasema uamuzi ni wangu.

Lawama yangu ni muda. Aliahidi wiki tatu, zikawa karibu sita, na wiki ya nne hakupokea simu. Hatukuwa na maandishi yoyote ya makubaliano, kwa hiyo sikuwa na cha kumwonyesha. Ukienda kwa mhariri yeyote, andikianeni hata ujumbe mfupi: kazi gani, bei gani, lini, na kama maswali yako baada ya ripoti yamo kwenye bei. Yangu yalikuwemo, tulizungumza kwa simu zaidi ya saa nzima, na mazungumzo hayo yalinisaidia kuliko kurasa nne za mwisho za ripoti.

Sasa niko sura ya 14 ya rasimu ya pili. Nikimaliza nitampelekea tena, safari hii kwa uhariri wa lugha, na nimeshamwomba "mgosi" abaki.